Bujora ni ya nani, na inamfaa nini mkulima?

Kila ukikaribia mwezi wa Juni, pamba ikianza kuchambuliwa na mahindi yakiwa yameshaingia ndani, simu za studio yetu hubadilika. Wanaouliza bei ya pamba wanaendelea kuuliza, lakini katikati yao wanaingia wengine: Bulabo inaanza lini, Bagika wanaleta kundi gani, ukishuka Kisesa bodaboda inachukua shilingi ngapi hadi Bujora. Hayo tunayajibu hapo hapo hewani.

Safari hii lilikuja swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa dakika mbili. Msikilizaji mmoja aliuliza Bujora ni ya nani. Kabla hatujamaliza kukohoa, wa pili akapiga, na yeye sauti yake ilikuwa na ukali: kituo kile kinamsaidia nini mtu anayelima ekari mbili za pamba na hajawahi hata siku moja kulipa kiingilio cha makumbusho? Ujumbe mfupi ulioingia baada ya hapo ulijaza kurasa nne za daftari. Tukaahidi kwamba tutaliandika suala hili kwa kirefu ili kila mtu alisome kwenye simu yake kwa wakati wake. Haya ndiyo maandishi yenyewe.

Kwa msikilizaji aliye mbali, tuanze na mahali. Bujora ni kilima chenye mawe makubwa karibu na Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya kwenda Musoma. Juu pale kuna parokia ya Kanisa Katoliki, na ndani ya eneo hilo hilo kuna Makumbusho ya Wasukuma: nyumba za asili, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, banda la vyama vya ngoma, na jengo la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, ambamo zimo ngoma za kitawala na vifaa vingine vya watemi. Kanisa lenyewe ni la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na mapambo ya altare yamechukua alama za utawala wa watemi. Anayeingia mara ya kwanza huwa anasimama mlangoni kidogo kwanza.

Baadhi yetu hapa studio tulifika pale tukiwa shule ya msingi, tumesimama nyuma ya lori, vumbi limetugeuza wote rangi moja. Tulichokikumbuka si maelezo ya mwalimu. Tulikumbuka hesabu. Pale makumbusho wanaonyesha jinsi Wasukuma wa zamani walivyohesabu moja hadi kumi kwa maneno tofauti kulingana na rika na kundi la mtu, kwamba wazee walikuwa na yao na vijana wana yao. Tulirudi kijijini tukawahesabia bibi zetu, na bibi mmoja akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu tulikuwa tumejifunza hesabu ya kiume na yeye akatusahihisha kwa ya kwake. Hatukuwa tunajua kwamba anaijua. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Kumbukumbu za aina hiyo ndizo zilizojaza daftari letu. Mama mmoja wa Kwimba anakumbuka mume wake alivyompata kwenye uwanja wa ngoma. Mzee mmoja anakumbuka kupotea kwa siku mbili wakati wa Bulabo akiwa na miaka kumi, akilishwa na watu asiowajua, na wazazi wake wala hawakuwa na wasiwasi sana. Mwingine anakumbuka fisi. Nyoka wanajulikana, lakini fisi aliyefungwa kamba na kuletwa uwanjani ni kitu ambacho mtu hakisahau.

Kituo kilianzaje

Wengi wanadhani Bujora ilianzishwa na serikali. Sivyo. Miaka ya 1950 alikuwepo pale padre mmisionari kutoka Quebec, Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe. Jina lake David Clement, na Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alikusanya wazee, akawa anawauliza mambo na kuyaandika, akaanza kukusanya vyombo na nyimbo. Mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Alifariki miaka ya 1980 na hadi leo jina lake linatajwa Kisesa kama la mtu wa ukoo.

Inafaa kukumbuka kwamba alichokifanya hakikuwa kawaida. Wamisionari wengi wa awali walizikataza ngoma. Aliyebatizwa aliambiwa aache njuga, aache dawa, aache na nyimbo. Wapo wasikilizaji wetu wazee waliofukuzwa mafundisho ya dini kwa sababu walionekana uwanjani. Kisha akaja padre anayesema leteni ngoma zenu hapa, ndani ya uwanja wa kanisa. Wapo waliofurahi na wapo waliotia shaka, na shaka ile haijaisha. Tutairudia.

Na wakati nao ulichangia. Mara baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliondoa mamlaka ya machifu. Kwa siku moja mtemi wa Nera au wa Ntuzu akawa raia kama wengine. Sasa ngoma ya mtemi, ambayo ilipigwa kutangaza mvua, vita au msiba, iwekwe wapi? Ukoo mwingine uliificha, mwingine uliiacha ikaliwa na mchwa. Zilizofika Bujora zimesalia. Kwa hiyo anayeuliza kituo kina faida gani, jibu la kwanza ni hilo: kilikuwa na mlango wazi na paa lisilovuja wakati ule ule ambapo vitu hivi havikuwa tena na mwenyewe anayetambuliwa na sheria.

Bagika na Bagalu

Huwezi kuieleza Bujora bila kueleza ushindani huu, na tunajua kwamba tukikosea neno hapa simu zitawaka. Simulizi zinasema karne ya 19 walikuwepo waganga wawili wakubwa waliogombana nani ana nguvu kuliko mwenzake. Upande mmoja anatajwa Ngika, upande mwingine Gumha. Wafuasi wao wakawa Bagika na Bagalu. Hadi leo karibu kila kundi la ngoma Usukumani liko upande mmoja au mwingine, na upande huo mtu anaurithi au anaingia kwa mwalimu aliyemfundisha.

Wakati wa Bulabo makundi mawili yanapewa uwanja mmoja na muda mmoja. Hili upande huu, hili upande ule, yote yanapiga kwa pamoja. Hakuna waamuzi wenye kalamu. Watazamaji wenyewe ndio kura: kundi likifanya kitu cha ajabu watu wanakimbilia kwake, jingine likijibu wanarudi mbio. Mwisho unaangalia umati umesimama wapi. Ndiyo maana kuna nyoka, kuna fisi, kuna wanaorusha majembe juu na kuyadaka. Na ndiyo maana kuna dawa, kwa sababu wachezaji wengi wanaamini umati hauji kwa ufundi peke yake.

Jina Bulabo lenyewe linatokana na neno la Kisukuma la maua, kwa sababu ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambapo maua hutandazwa njiani kwenye maandamano. Sikukuu hiyo inafuata Pasaka, kwa hiyo tarehe inahama kila mwaka kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni. Hapo ndipo mkulima anapopumua. Aliyeipanga hivyo alijua kalenda ya shamba.

Ngoma hizi zilikuwa kazi

Sasa turudi kwa yule msikilizaji mwenye ekari mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyetugusa.

Tunaposema ngoma leo, watu wanafikiria burudani ya wageni na mwenge. Lakini vyama hivi vilianza kama vyama vya kazi. Bayeye, wale wa nyoka, walikuwa wanakamata nyoka na kujua dawa za kuumwa na nyoka, katika nchi ambayo zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima. Banunguli waliwinda nungunungu, na yeyote aliyewahi kuamka akakuta mihogo imefukuliwa mstari mzima anajua kwa nini kijiji kinahitaji watu wa aina hiyo. Mwanachama alijifunza kwa mwalimu, akalipa ada, akaapa kutunza siri. Ngoma ilikuwa njia ya kuvuta wanachama wapya na kuonyesha kwamba tunaijua kazi yetu.

Bugobogobo ni hivyo hivyo. Leo inafundishwa hadi Chuo cha Sanaa Bagamoyo na inachezwa na watoto wa shule Dar es Salaam ambao hawajawahi kushika jembe. Asili yake ni kikundi cha vijana wanaolima kwa mdundo, kutoka shamba hadi shamba. Mwenye shamba anawaalika, anachinja au anatoa nafaka, na wao wanalima kwa siku moja kile ambacho familia ingelima kwa wiki mbili. Pamba ilipopanda chati Usukumani, na vyama vya ushirika vya kanda vikaunda shirikisho lao mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, vikundi hivi vilikuwa na kazi tele. Baadaye jembe la kukokotwa na ng'ombe likaenea, halafu miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu na kuvunja ujirani uliobeba vikundi vile. Kazi ikapungua, mdundo ukabaki.

Hapa ndipo sisi tunapoona thamani ya kituo, na pia upungufu wake. Thamani ni kwamba mdundo umepata pa kukaa na kalenda ya kuuita kila mwaka. Bila Bulabo, makundi mengi yasingekuwa na sababu ya kufanya mazoezi. Upungufu ni kwamba kinachotunzwa ni onyesho. Ule mfumo wa kusaidiana shambani, ambao ndio uliomfaa mtu wa ekari mbili, hautunziki ndani ya kioo. Msikilizaji wetu hakukosea kuuliza. Babu yake angeimbiwa bugobogobo na jioni shamba limekwisha. Yeye anaimbiwa bugobogobo, na akirudi nyumbani majani yako pale pale.

Lakini tusiishie kulaumu makumbusho kwa kazi ambayo si yake. Wapo wanaokaa jirani na Bujora wanaopata kitu. Siku za Bulabo mama lishe anauza kuanzia alfajiri, bodaboda halali, mwenye chumba anapangisha, anayesuka vikapu na anayechonga vigoda anauza. Watoto wa shule za mwaka mzima wanapelekwa kujifunza, kama sisi tulivyopelekwa. Kundi la ngoma likionekana vizuri uwanjani linaalikwa harusini, kwenye mikutano ya siasa na kwenye kampeni za afya. Hiyo ni pesa inayoingia kijijini, hata kama ni kidogo na hata kama haimfikii kila mtu.

Ni ya nani basi?

Kisheria, kituo kiko chini ya Kanisa, Jimbo Kuu la Mwanza. Ardhi na majengo vina mwenyewe anayejulikana, na ni yeye anayepaswa kuhangaika na paa, mlinzi na mishahara. Hilo halina utata.

Utata uko kwenye vilivyomo. Ngoma ya utawala ilikuwa ya kiti, na kiti kilikuwa cha watu. Mtemi hakuwa na haki ya kuiuza. Sasa mjukuu wa mtemi akija leo akidai ngoma ya babu yake, anadai kwa jina la familia au kwa jina la himaya ambayo haipo tena kwenye karatasi? Na makumbusho yakimkatalia, yanakataa kwa hati gani? Ukitaka ushauri wetu, na tunautoa kwa kila ukoo wenye kitu popote kinapotunzwa: ombeni karatasi. Iandikwe kitu gani, kimetoka wapi, nani amekileta, kimetolewa moja kwa moja au kimewekwa tu kutunzwa, na nani anaruhusiwa kukichukua kwa tambiko na kukirudisha. Wazee waliopeana vitu hivi kwa maneno walikuwa waaminifu, ila wengi wao wameshakufa, na maneno yao yamegawanyika kwa watoto wao kila mmoja na toleo lake.

Jingine watu wasilolijua: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kusafirisha vitu vya kale na vya asili nje ya nchi bila kibali. Tunalisema kwa sababu wanunuzi wanapita vijijini. Wanataka viti, vigoda vya zamani, shanga na rungu za urithi, na wanatoa elfu thelathini kwa kitu ambacho bibi alikikalia miaka sitini. Kuuza kiti chako ni uamuzi wako. Lakini ujue kwamba kikishavuka mpaka, mwanao atakiona tena kwenye picha tu.

Kosa letu wenyewe

Suala la umiliki hatuliandiki tukiwa mbali. Liliingia ndani ya studio.

Miaka kadhaa iliyopita tulienda na kinasa sauti kwenye uwanja wa ngoma tukarekodi kundi moja. Lilipiga vizuri kupita kiasi. Tulirudi tukakata sekunde ishirini za wimbo ule tukaufanya kiashiria cha kipindi. Ulisikika kila asubuhi na kila jioni kwa zaidi ya mwaka. Hatukumwomba mtu. Hatukutaja kundi. Kwa kweli hatukulifikiria hata kidogo, kwa sababu vichwani mwetu ule ulikuwa wimbo wa asili, na cha asili ni cha wote.

Siku moja alikuja mzee na baiskeli. Akaketi kwenye benchi la nje, akakataa soda, akasubiri kipindi kiishe. Akatuuliza kwa upole sana kama sisi tukilima shamba la mtu tunaweza kuvuna bila kumwambia. Alikuwa mtunzi. Wimbo ule ulikuwa na mwaka wake, na sababu yake, na jina la mtu aliyefiwa ndani yake, na sisi tulikuwa tumeukata kabla ya kufika kwenye jina.

Tulimwomba radhi, tukakubaliana kiasi cha kumlipa na kuandikishana. Tulidhani yameisha. Wiki mbili baadaye likaja kundi kutoka kata nyingine, la upande wa pili wa Bagika na Bagalu, likisema wimbo ni wao, mzee ameuchukua kwao kwenye mashindano na kubadilisha maneno. Huenda wote wana kweli, kwa sababu ndivyo nyimbo hizi zinavyoishi: unachukua silaha ya adui na kumgeuzia. Tuliutoa wimbo hewani. Kiashiria chetu cha sasa ni cha kinanda, na tunajua hamkipendi, mmetuambia.

Tumeona tulieleze hili kwa sababu sasa kila mtu ana kinasa sauti mfukoni. Siku ya ngoma utaona simu nyingi juu kuliko mikono. Video zinapandishwa mtandaoni, nyingine zinatazamwa mara maelfu, na anayelipwa ni mwenye akaunti. Kundi lililocheza juani saa nne linarudi na maji ya chupa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kwa lugha nyepesi, mtu akizitumia nje ya mazingira yake ya kimila na kwa nia ya kupata faida, anatakiwa kuwa na kibali, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo lililopewa jukumu hilo. Pia anatakiwa kutaja chanzo, yaani jamii au mahali sanaa hiyo ilipotoka. Kwa wimbo wenye mtunzi anayejulikana, kama wa yule mzee, kuna haki ya mtunzi mwenyewe, na hapo ofisi ya kuiendea ni COSOTA. Sasa, kutoka kijijini kwako hadi COSOTA ni safari, tunafahamu. Lakini hatua ya kwanza iko karibu: kundi liwe na jina, katiba na usajili, lianzie kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Kundi lisilo na karatasi likidai haki yake, swali la kwanza litakuwa ninyi ni nani.

Na kituo kama Bujora kingeweza kusaidia sana hapa. Makundi yanafika pale yenyewe kila mwaka. Daftari moja tu pale mlangoni, linaloandika kundi, kijiji, kiongozi, wimbo na aliyeutunga, lingekuwa ushahidi mkubwa baada ya miaka kumi. Halihitaji mfadhili. Linahitaji kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Shaka ya watu wa dini

Tulisema tutairudia. Ujumbe kama wa tano hivi kwenye daftari letu unapinga kituo chenyewe. Wapo Wakristo wanaosema haifai nyumba ya mganga kuwa kwenye kiwanja cha kanisa. Wapo Waislamu wanaosema watoto wao wasipelekwe. Na wapo wasio na hoja ya dini kabisa, wanaosema kanda hii imeona vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya wapiga ramli, na kwamba kuipamba nyumba ya mganga ni kusahau damu hiyo.

Hoja hii ya mwisho tunaiona nzito, na hatutaki kuipita haraka. Wanawake wazee wameuawa Kanda ya Ziwa. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za kupikia maisha yao yote. Watu wenye ualbino wameuawa. Kila mara alikuwepo mtu aliyejiita mganga akielekeza. Makumbusho yanayoonyesha vifaa vya mganga bila kulisema hili yanasimulia nusu ya habari.

Hata hivyo hatukubaliani na kuibomoa. Aliyekuwa anatibu sumu ya nyoka na anayenyooshea bibi kidole ni watu wawili tofauti, na kijana asiyeelezwa tofauti hiyo ndiye anayekuwa rahisi kudanganywa. Tungependa nyumba ile ibaki, na anayewatembeza wanafunzi aongeze dakika tano za kuwaambia ukweli wote. Bibi zao wanaishi nao nyumba moja.

Kuhusu dini, kila mzazi ana haki na mtoto wake. Ila tumeona pia wazee wa imani zote wakikaa kivuli kimoja pale uwanjani wakibishana Bagika na Bagalu, na ubishi ule wenyewe haukugusa dini hata kidogo.

Siasa nazo zimefika

Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifika Kisesa kwenye tamasha la utamaduni, na machifu wakamsimika kwa jina la Hangaya, maana yake nyota inayong'aa. Tangu hapo machifu wamesikika zaidi kwenye mikutano ya serikali, na ngoma za asili zimepata majukwaa makubwa. Kwa makundi yetu hiyo ni neema. Lakini kwa miaka mingi uwanja wa ngoma ulikuwa mahali ambapo mtunzi alimsema hadharani kiongozi mlafi, karani wa ghala aliyeiba mizani, hata mtemi mwenyewe. Kundi likishazoea kuitwa na kulipwa kupokea wageni wa heshima, ni nani atatunga wimbo wa mizani mibovu? Tumesikiliza kanda zetu za miaka mitano ya karibuni. Nyimbo za kusifu zimeongezeka. Za kukosoa zimebaki chache, na nyingi ni za wanawake, wanaoimba wakiwa wameketi, kwa sauti ya chini.

Mizani bado ni mibovu, mnatuambia kila msimu.

Mwezi huu tutafanya mambo mawili. La kwanza, tunakusanya kumbukumbu. Kama nyumbani kuna mzee aliyecheza, aliyetunga, au aliyekuwepo siku ngoma ya utemi ilipotolewa kwao kupelekwa Bujora, mrekodi kwa simu, dakika tano zinatosha. Aanze kwa kutaja jina lake, kijiji na upande wake, na mwulize kwanza kama anaruhusu isikike redioni. Akisema hapana, itunze wewe. Usiikate kabla hajamaliza.

La pili ni la yule mzee wa baiskeli. Alipokuwa anaondoka siku ile alituambia kwamba ngoma ya himaya yao iko Bujora na hajawahi kuiona, kwa sababu kiingilio na nauli kwa pamoja ni pesa ya mbegu. Jumamosi baada ya gulio tunampitia na gari ya kituo. Wale wa kata nyingine wanaodai wimbo wamesikia, na wamesema wakiachiwa nafasi mbili nyuma nao watakuja. Tumewaachia.